Nilivuna Asali Yote Juu ya Video, Nyuki Wakahama

Wasee, wiki hii sina video. Nina maneno tu, na mengine yananiaibisha.

Mwaka jana mwezi wa sita niliposti ile video ya kuvuna asali usiku. Najua wengi wenu ndiyo iliwaleta hapa. Taa kwa kichwa, moshi, sega jeupe limejaa hadi chini, mimi nalikata na asali inanichuruzika hadi kwa kiwiko. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kurekodi. Kile sikuwaonyesha ni kwamba niliendelea kukata. Kila nikitaka kufunga mzinga najiambia, moja tu ya mwisho, hii itatokea poa zaidi. Nilipitia mizinga yote sita hivyo. Nikawaachia nyuki masega ya watoto na karibu hakuna kingine. Ndoo mbili za lita 20 zikajaa. Nikauza kwa chupa hapa Emali, nikanunua simu yenye kamera nzuri.

Mwisho wa Agosti, mizinga minne ilikuwa kimya.

Nilidhani ni ugonjwa. Nikafikiri labda ni dawa ya maembe ya jirani. Nikamwita Umau, babu yangu, ambaye alifuga nyuki kwa myatu, ile mizinga ya magogo, kabla hata baba hajazaliwa. Mizinga miwili kati ya sita yangu ni yake. Alifungua mmoja wa ile iliyonyamaza, akaangalia ndani. Hakukuwa na maiti za nyuki. Hakukuwa na tone la asali. Masega makavu tu. Akaniuliza nilibakisha nini mwezi wa sita. Nikanyamaza. Akasema, "Basi ulikula mbegu," akaenda kuketi chini ya mti.

Hiyo asali haikuwa mchezo. Nilitoka chuo mwaka wa pili karo ilipomshinda mama, na nilipoanza hivi vitu vya nyuki nilimwahidi kwamba mavuno ya baada ya mvua ya Novemba yatamlipia dada yangu mdogo karo ya Januari. Mavuno hayakuwepo. Mama aliuza mbuzi wawili. Hakuniambia neno, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Sasa nieleze vile nimeelewa, ndio usirudie makosa yangu.

Nilijifunza nyuki kwa kutazama video za wazungu. Huko kwao kukiwa na theluji, nyuki hujikusanya ndani kama mpira, wanatetemesha misuli kupata joto, wanakula asali waliyoweka hadi maua yarudi. Hawana pa kwenda. Mfugaji anaongeza chakula, anaziba upepo, anangoja. Mimi nikadhani huku hatuna hiyo shida kwa sababu hatuna theluji.

Tunayo. Yetu inaanza Julai. Kwanza ile baridi ya mawingu, halafu Agosti na Septemba kila kitu kinakauka, migunga inabaki miiba, vijito vinageuka mchanga. Kwa nyuki hiyo ndiyo njaa. Lakini nyuki wa kwetu ana kitu ambacho yule wa Ulaya hana wakati wa theluji: anaweza kuondoka. Njaa ikizidi, au maji yakiwa mbali, au siafu wakimsumbua, kundi lote pamoja na malkia linabeba asali iliyobaki tumboni na kwenda kutafuta pengine. Kwa hivyo nyuki wangu hawakufa. Waliniacha.

Halafu kuna hesabu ambayo kama ningefundishwa mapema ningekuwa mtu mwingine. Nyuki mfanyakazi huchukua karibu wiki tatu kutoka yai hadi kutoka kwa sega. Akitoka, haendi kwa maua. Kwa karibu wiki tatu anafanya kazi za ndani: kusafisha, kulisha watoto, kujenga masega, kulinda mlango. Jumlisha. Ni kama wiki sita kutoka yai hadi nyuki anayeleta nekta. Mvua yetu kubwa Ukambani ni hii ya Oktoba hadi Desemba, na migunga huanza kutoa maua karibu na mvua. Ukitaka jeshi tayari katikati ya Novemba, malkia lazima awe anataga mwisho wa Septemba. Na malkia hupunguza mayai kukiwa na njaa. Yaani asali ya Desemba inaamuliwa wakati shamba linaonekana limekufa na hakuna mtu anataka kurekodi chochote.

Basi mwaka huu nimefanya hivi.

Mwezi wa sita nilivuna masega ya pembeni pekee, na nusu ya asali nikaacha ndani. Ilinikwaruza roho, sitadanganya.

Julai niligusa mizinga mara moja tu, saa kumi na moja jioni jua likiwa limepoa. Ile mizinga minne tupu niliisafisha. Masega meusi ya zamani nikatoa yote, maana kuna nondo fulani wa kijivu anayetaga humo, viwavi wake wanatafuna kila kitu na kuacha utando. Masega hayo nikayatia kwa gunia safi, nikachemsha, nta ikaelea juu, ikapoa ikawa mkate wa njano.

Agosti nilipaka hiyo nta ndani ya mizinga tupu. Makundi yakianza kugawanyika karibu na mvua, yanatafuta nyumba yenye harufu ya nyuki, kwa hivyo unawatayarishia chumba mapema. Waya za kuning'inizia nikazibadilisha na kuzipaka grisi, siafu wasipite. Usiweke mzinga chini huku kwetu. Nyegere atakuonyesha kwa nini.

Maji kila siku. Karai lenye mawe na vijiti, ndio nyuki asimame akinywa asizame. Hii ndiyo kazi ya kuchosha zaidi, kwa sababu wakati huo hata sisi tunanunua maji kwa mtungi. Mama alinitazama siku ya kwanza nikimwagia nyuki maji ya pesa, akatikisa kichwa. Siku ya tatu nilimpata akiwajazia mwenyewe.

Septemba niliwapa maji ya sukari, kilo moja kwa lita moja, usiku, kiasi kidogo. Maua yakitoka naacha mara moja. Ukiendelea kulisha, utakachouza Januari ni sukari yenye rangi ya asali, na mteja si mjinga.

Jirani wa maembe nilienda kumwona na chupa ya mwisho ya asali. Sikumlaumu. Nilimwomba tu anipigie simu siku anapulizia dawa, na apulizie jioni nyuki wakiwa wamerudi. Alikubali. Miezi yote ile nilikuwa nimemkasirikia bure, na ilitaka chupa moja.

Lakini kuna kitu moja grisi haiwezi kuzuia. Mwezi uliopita jamaa wa makaa alikuja kwa mama akiitaka migunga yetu mikubwa miwili. Pesa mkononi. Mnajua Mombasa Road ilivyo, magunia yamepangwa kando ya barabara yakingoja magari ya Nairobi. Na wale wanaouza si watu wabaya, ni watu wenye karo ya kulipa kama sisi. Mama aliniuliza nasema nini. Zamani ningemjibu kwa maneno makubwa kuhusu mazingira. Safari hii nilikumbuka mbuzi wawili. Nikamwambia, nipe msimu huu mmoja. Nikishindwa, tutaongea tena. Akamwambia yule jamaa arudi Februari.

Kwa hivyo ndiyo hali. Nina hadi Februari.

Nasema haya kwa sababu sisi wa kurekodi tumewauzia uongo kidogo. Tunaonyesha ukataji, ndoo, pesa. Kijana wa kitaa anatazama, ananunua mzinga, anautundika, anangoja, hapati kitu, anasema nyuki ni matapeli. Hakuna aliyemwonyesha karai la maji la Agosti. Mimi pia sikumwonyesha, kwa sababu mwaka jana hata sikuwa nalo. Ukiniona tena nimeshika sega linachuruzika, niulize nimewaachia ngapi. Niulize hadharani, sitakasirika.

Jana jioni Umau alikuja. Aliweka sikio kwa mzinga mmoja mmoja, akigonga polepole kwa kidole. Ile miwili ya zamani inanguruma vizuri. Mmoja wa ile minne una kundi jipya, dogo, lilihamia wiki jana lenyewe. Mitatu bado haina kitu ila harufu ya nta. Alipomaliza nilimuuliza anaonaje.

Akaangalia upande wa Chyulu, hakuna wingu hata moja. Akasema, "Umejaza maji leo?"

Sikuwa nimejaza. Nikaenda kuchukua mtungi.