Nilitaja Mzigo Nisioubeba

Muuza spea aliniuliza swali moja: "Unabeba nini?"

"Tani moja na ushee," nikamjibu. "Karibu kila siku."

Nilidanganya. Hilux yangu ni dabo kebini ya zamani, na watu wakishajaa kabini, mzigo huo hata haikutengenezwa kuubeba. Kazi zake hapa Gongoni ni viroba vya unga, watu wa msibani, wazee wanaokwenda kliniki, na mara mojamoja wageni wanaotaka kuliona tembe la Livingstone kule Kwihara. Asali ya wajomba huja kwa msimu. Siku nyingine zote bodi la nyuma hubeba tairi la akiba, jeki na vumbi la Tabora.

Kwa uongo huo niliuziwa shokapu nne ngumu kuliko zote zilizokuwa rafuni, za kazi nzito, za gesi. Nilikwenda kutafuta ulaini, nikarudi na ugumu, tena niliulipia laki sita na nusu taslimu. Muuzaji hana kosa. Aliuza kilichofaa mzigo nilioutaja.

Gari lilikuwa limeanza kurusha. Ukiacha lami na kuingia barabara ya vumbi, kila shimo lilipanda moja kwa moja hadi kiunoni. Nikachungulia uvunguni, nikaona shokapu ya mbele kulia imelowa mafuta na vumbi limegandia juu yake tabaka zima. Ushahidi huo ulinitosha. Shokapu moja inavuja, basi zote nne zimekufa. Zimekufa, basi ninunue zisizokufa upesi. Na zisizokufa upesi, kwa akili yangu, ni zile ngumu. Hesabu yote hiyo niliimaliza nikiwa bado nimechuchumaa.

Fundi wangu alijaribu kunizuia. Ni kijana wa maneno machache. "Bosi, tuanze na upepo," alisema. Nikaona anakwepa kazi. Nikamwambia nimeshika usukani tangu yeye yuko chekechea. Ilikuwa kweli, na haikuhusiana kabisa na habari ya upepo.

Kuhusu ule uongo, nadhani nilijibu kwa niaba ya mji mzima. Tabora imekuzwa na watu wanaobeba. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walishuka Bagamoyo na pembe za ndovu, wakapanda na majora ya nguo, shanga na waya, na mpaka leo mtu wa huku akikusifia pikapu yake ataanza na inachobeba. Kusema mbele ya wateja wengine dukani kwamba gari langu hubeba zaidi shangazi na unga, ulimi ulikataa. Ila sifa ya wazee hao niliichukua nusu. Mzigo wa mpagazi ulifungwa kwa kipimo, kama frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu, na aliyeongezewa alijua kugoma. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara kuanzia Februari hadi Agosti akingoja wapagazi kutoka pwani, kwa sababu mizigo isiyo na mabega ya kutosha haiendi popote. Mabega na mzigo vilihesabiwa pamoja. Mimi sikuwahi kupima hata ndoo moja ya asali.

Juu ya uongo niliongeza ujinga. Niliamini shokapu ndiyo inayobeba gari, na kwamba ile gesi ya ndani inalinyanyua. Kumbe anayebeba ni springi. Gurudumu likipanda tuta springi inajikunja, kisha inataka kujikunjua, na ikiachwa peke yake itaendelea kupanda na kushuka mpaka ichoke yenyewe. Shokapu imewekwa kuutuliza mchezo huo. Ndani yake kuna pistoni inayolazimisha mafuta kupita kwenye matundu madogo. Mafuta yanagoma kwenda haraka, na nguvu ya mruko inageuka joto. Ndiyo maana ukiigusa baada ya barabara mbaya inakuunguza. Gesi, ambayo kwa kawaida ni naitrojeni, kazi yake ni kuyabana mafuta yasitoe povu, kwa kuwa mafuta yenye povu hayazuii kitu.

Ukilielewa hilo, ukali wa shokapu unakuwa suala la kulingana. Springi iliyobanwa na mzigo mkubwa hujikunjua kwa nguvu, kwa hiyo inahitaji shokapu kali ya kuizuia. Pikapu tupu haina nguvu hiyo. Ukiifungia shokapu kali na kuipitisha kwenye rasta, yale mawimbi madogo ya barabara ya changarawe, gurudumu linasukumwa juu na wimbi la kwanza, na kabla springi haijapata nafasi ya kulishusha, wimbi la pili limefika. Kila wimbi linaiacha imejikunja zaidi. Mwishowe unaendesha gari lisilo na springi kabisa, ingawa springi zake ni nzima na umetoka kulitengeneza.

Siku za mwanzo nililisifia. Nilisema gari sasa limekaza, limekuwa la kiume. Abiria wakilalamika nikawaambia shokapu mpya lazima zizoee. Hilo nililitunga papo hapo. Kwenye kona zenye rasta nyuma ilikuwa inahama, inaruka pembeni kidogo na kuniwahi kabla sijapunguza mwendo, nami nikaisingizia changarawe.

Kisha nikampakia shangazi kumpeleka kliniki. Ana mgongo unaomsumbua, na kwake kilomita kadhaa za mwanzo ni vumbi tupu. Alivumilia. Akashika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili. Tulipofika kwenye miembe akasema, kwa heshima zote, "Baba, simamisha kidogo. Hapa nitatembea, utanikuta mbele." Mgonjwa wa mgongo aliona afadhali miguu yake kuliko gari langu. Nilisimama. Akateremka, akatembea, nami nikamfuata nyuma kwa gia ya kwanza mpaka penye lami. Watu tuliopishana nao walitusalimia, na hakuna aliyeuliza kitu.

Jioni nikaenda gereji. Fundi hakusema neno. Alichukua kipimo cha upepo, akakibandika kwenye valvu ya tairi la nyuma, akanigeuzia nisome. Sindano ilikaa kwenye 60. Akafungua mlango wa dereva, akapangusa vumbi kwenye kibandiko cha kiwandani nilichokuwa nacho miaka yote bila kukisoma: gari likiwa halina mzigo, nyuma linataka nusu ya hapo na kidogo juu yake. Nikakumbuka. Msimu wa asali uliopita nilijaza upepo wa kubebea, na sikuupunguza tena. Tairi la namna hiyo halibonyei kwenye jiwe. Linagonga.

Akainama chini, akahesabu majani ya springi kwa kidole, akaligonga lile la mwisho kwa spana. Hilo nililiongeza mwenyewe kwa ajili ya tumbaku ya jirani niliyoisomba msimu mmoja tu. Nalo nililisahau. Nilikuwa na tairi za msimu, springi za msimu, na sasa shokapu za msimu, na ndani yake namsafirisha shangazi mwaka mzima.

Kilichonimaliza kilikuwa bado. Alizitoa shokapu zangu za zamani alizokuwa ameziegemeza ukutani. Akasimamisha moja ya nyuma, akaivuta na kuisukuma mara kadhaa kuitoa hewa, kisha akaniachia. Nikaisukuma. Ilishuka polepole, kwa uzito ule ule kuanzia juu mpaka chini, bila kulegea popote. Nikaivuta, ikapanda vivyo hivyo. Ufito wake ulikuwa mkavu, hauna tone la mafuta. Ya pili, hali kadhalika. "Hizi nani alikwambia zimekufa?" akauliza fundi.

Hakuna aliyeniambia. Niliona mafuta mbele nikahukumu nyuma.

Kwa haki, ya mbele kulia ilikuwa imekufa kweli: ilishuka nusu ya njia kwa ukinzani, nusu iliyobaki ikadondoka. Kwa kuwa shokapu hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli moja, ili upande mmoja usiwe na tabia tofauti na mwenzake, nilihitaji mbili za mbele, za kawaida, za kipimo cha gari langu. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lote la shokapu. Mengine yalikuwa upepo na jani moja la chuma.

Tukarudisha za zamani nyuma, tukafunga mpya za kawaida mbele, tukalitoa lile jani na kushusha upepo. Zile nne ngumu nilimuuzia mtu anayesomba mbao, ambaye gari lake haliijui siku ya kutembea tupu, kwa laki tatu, baada ya kumweleza kisa chote. Alicheka sana kisha akaomba nipunguze tena. Ukijumlisha na ufundi wa kufunga mara mbili, hasara ilikuwa laki nne na ushee. Familia moja iliyokuwa ikinikodi kumpeleka mzee wao kliniki ilikuwa imeshapata gari jingine, na haijarudi. Shangazi amekwishapanda tena. Alifunga mkanda mapema kuliko ilivyo kawaida yake.

Je, gari limekuwa laini? Limekuwa pikapu. Rasta bado zipo na zitakuwepo. Mwaka 1963 mtafiti Keith Mather alichapisha majaribio aliyofanya kwa gurudumu linalozunguka juu ya mchanga, akaonyesha kwamba mawimbi hayo huzaliwa na gurudumu lenyewe linaporukaruka, mara tu mwendo unapozidi kiwango ambacho ni kidogo sana. Maana yake rasta ninazozilaani nami nimezichonga. Kupunguza mwendo kumenipa ulaini ambao hakuna duka lingeniuzia.

Wajomba walipoleta asali niliazima mizani. Ndoo moja ya lita 20, ikiwa imejaa, ina kilo 28 hivi, karibu na mzigo wa mpagazi mmoja. Kwa mara ya kwanza nilipiga hesabu: ndoo kumi na tano, kilo mia nne na kitu. Ndiyo safari yangu nzito kuliko zote, na haifiki hata nusu ya tani niliyoitaja dukani kwa sauti ile. Siku hiyo niliongeza upepo, nikapeleka asali, nikaupunguza siku iliyofuata.

Ukiwa na pikapu inayorusha, usianze na spea. Pima upepo tairi zikiwa za baridi na ufuate kibandiko cha mlangoni. Chungulia bushi na majani ya springi, ukumbuke ulichowahi kuongeza na kwa nini. Shokapu ikague moja moja: inayovuja ihesabu imekwisha pamoja na ya upande wa pili, iliyo kavu ipime kabla ya kuizika. Ukishamaliza hayo na gari bado linarusha, nenda dukani, na muuzaji akikuuliza, taja mzigo wa juzi, si wa mwaka juzi.