Rweya Si Ardhi Tupu

Sisi wa Bukoba na Muleba hurithi kibanja: migomba, kahawa, nyumba, na makaburi ya wazee wetu humohumo. Lakini kibanja hakijitoshelezi. Nyasi za kutandaza migombani na malisho ya ng'ombe watupao samadi hutoka rweya, ule uwanda wa nyasi ambao mgeni apitaye barabarani huuona mtupu.

Bei ya chakula ilipopanda duniani mwaka 2008, wawekezaji wa nje walizidi kutafuta ardhi "tupu" Afrika, wengine kwa chakula, wengine kwa mafuta ya mimea. Kisarawe, mkoani Pwani, Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za kupanda mibono. Mwaka 2011 kazi ilisimama. Wengi wakapoteza ajira, na ardhi ilikwisha kutoka mikononi mwa vijiji.

Siwalaumu majirani wanaotamani ajira. Ada za shule nazijua. Ila wazee wetu waliishi chini ya nyarubanja, wakimlipa bwana kwa shamba walilolima wenyewe, hadi sheria ya 1965 ilipowafungulia njia.

Nabothi aliahidiwa fedha, hata shamba bora zaidi, akakataa kwa sababu ya urithi wa baba zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wanakijiji wasikilizwe kabla ardhi yao haijahamishwa. Basi kuhudhuria mkutano wa kijiji nako ni ibada. Namwomba Mungu ujasiri wa kusimama pale na kuuliza: rweya ikienda, nyasi tutakata wapi, na wajukuu watakula nini?