Kupaka Chokaa Ngamiani

Atokaye Dar es Salaam kwa basi kwenda Tanga huiacha njia kuu ya kaskazini pale Segera, akashika mkono wa kulia, na kabla hajaingia mjini hupita Muheza, ambako machungwa huuzwa madirishani mwa gari. Safari hiyo ya kilomita zipatazo 350 nimeifanya mara nyingi kwenda kumsalimu baba. Safari hii nilikwenda na kaka yangu kuitayarisha nyumba ya marehemu iuzwe.

Ngamiani hapampotezi mgeni. Barabara zake zimenyooka na nyingi zimepewa namba badala ya majina, hata mtoto mdogo akiulizwa kwao hujibu kwa hesabu. Nyumba za zamani karibu zote ni za namna moja: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kila upande, na nyuma ua wenye jiko na choo. Katika nyumba kama hizo watu hawafichani. Mpangaji, mwenye nyumba na mgeni hukutana ukumbini, na habari za barazani huingia ndani kabla ya mwenyewe.

Dalali alitupa mashauri tukiwa bado mlangoni: wapangaji wawili watoke, kuta zipakwe chokaa, na ule ukuta wa nyuma uliotumbuka na kupasuka upigwe lipu ya saruji upesi. Fundi, mzee wa mji, aliugonga kwa vidole akacheka. Alisema ukuta wa mawe na udongo hunywa maji ya masika na kuyatoa wakati wa jua. Ukiuvika saruji, unyevu hukaa ndani, na haupiti muda lipu hubanduka pamoja na udongo wake.

"Itadumu mpaka mnunuzi atoe fedha," alisema.

Dalali hakuona neno hilo kuwa la aibu.

Jambo zito zaidi lilikuwa katika chumba cha mwisho. Humo aliishi mama mdogo, mke aliyeolewa na baba baada ya mama yetu kufariki. Hakujaaliwa mtoto. Kila alfajiri alikaanga mahamri barazani, na wafanyakazi waendao kazini walimjua kuliko walivyotujua sisi. Kaka, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi, alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya fedha, nasi watoto tu ndio tuliokuwamo. Mjane wa mtu aliyeacha watoto, kwa sheria ya Kiislamu, ana thumni yake, yaani sehemu 1 katika 8, madeni yakishalipwa. Kaka alilijua hilo. Nami nililijua, na tangu Segera nilikuwa nimenyamaza.

Tulimkuta amekwisha kufunga sinia zake na mbuzi ya kukunia nazi katika kanga.

"Wanangu, mnauza lini, nijue pa kulipeleka jiko langu?"

Usiku ule, ukumbini, kaka aliichana karatasi yake akaandika nyingine. Jina la mama mdogo lilitangulia. Hatukusemezana sana.

Asubuhi mnunuzi alikuja, mtu mpole mwenye kofia ya vito. Dalali alisimama akiuegemea ukuta wa nyuma kama aliyechoka. Mama mdogo akaja na chai, akamwambia yule bwana, "Baba, masika maji huingia hapo aliposimama mwenzako. Mimi huweka ndoo mbili."

Bei ikashuka, wala si kidogo. Kaka alinitazama, nami nikatazama chini. Hakuna aliyembishia mama mdogo.

Tuliafikiana baada ya adhuhuri. Wapangaji walipewa miezi mitatu ya kutafuta vyumba. Mama mdogo alipata chumba barabara mbili mbele, nyumba yenye baraza pana, na mkokoteni ulikwenda mara moja tu kuhamisha vitu vyake. Fundi alizipaka chokaa kuta zote, isipokuwa ule wa nyuma.