Saa ya Ukutani

Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili mjini Beijing, rafiki yangu Mchina alinialika kwake alikohamia. Karamu hiyo huitwa nuanfang, yaani kuipasha nyumba joto. Wenyeji wengi hutanguliza chombo kilichojaa mchele, kisha huwasha jiko. Hawaingii mikono mitupu.

Nami nilikwisha nunua saa ya ukutani. Mwanafunzi wangu alipoiona alinisihi niiache: song zhong, kumpa mtu saa, hutamkwa sawasawa na kumshughulikia mzazi anayekata roho. Nikapeleka matufaha, ambayo jina lake, pingguo, laanza kwa sauti ile ile ya neno lao la amani.

Ndugu walimu, nusura nipeleke msiba penye furaha. Tangu siku ile, sifundishi neno pasipo kueleza jinsi linavyosikika masikioni mwa wenyewe.