Mwalimu Wangu wa Flamenco Hakuwa Mtu Mmoja

Nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya hapa Bigwa, Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Nilijua kuwashikia waimbaji mdundo kwa piki, na sikutaka zaidi. Nilipoisikia flamenco, muziki wa Wahispania, nikaanza kuulizia mwalimu. Niliuliza kanisani, nikawauliza wapigaji wa dansi mjini, nikampigia rafiki aliyesomea muziki katika chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo. Wote walinijibu kitu kimoja: gitaa tunapiga, ila hilo la Wahispania hatulijui. Nikakata tamaa.

Kilichonigeuza ni habari za Paco de Lucía, aliyezaliwa Algeciras mwaka 1947. Gwiji huyu wa gitaa la flamenco hakufunzwa kwa nota. Alikuzwa nyumbani na baba yake na kaka yake Ramón, kwa kusikia na kuiga. Nikawakumbuka wazee wa mji wetu. Salum Abdallah alianzisha bendi ya Cuban Marimba hapa Morogoro mwaka 1948, enzi ambazo santuri za Kuba zilikuwa zikizunguka Afrika Mashariki. Hakuna maestro wa Havana aliyeletwa kuwafundisha vijana wale. Tangu hapo niliacha kumtafuta mwalimu wa kila kitu, nikatafuta wa kila kipande.

Nilianza na rumba. Flamenco ina mitindo mingi, lakini rumba yake ina damu ya Kuba kama dansi letu, na mapigo yake manne sikio la Morogoro limeyazoea. Kibao cha Paco kilichovuma duniani, "Entre dos aguas", ni rumba. Kilitoka mwaka 1973, mwaka uleule mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alipoihama bendi ya Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano.

Kisha nikaingia kwenye mtindo mwingine wa flamenco, soleá, na hapo ndipo penye kazi. Mzunguko wake, yaani compás, una mapigo 12, na uzito huangukia la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Nilimpelekea mzee mmoja wa mtaani kwetu, mpiga ngoma.

"Shikamoo babu. Nisaidie mdundo huu."

"Marahaba mjukuu wangu. Weka gitaa chini, uucheze kwanza."

Hakuwahi kuisikia flamenco maishani mwake. Lakini alinipigisha makofi na kunichezesha miguu mpaka uzito ukawa unaanguka wenyewe, bila mimi kuhesabu. Baadaye nilijua kwamba hata Hispania mwanafunzi hujifunza makofi kama somo kamili.

Mkono wa kulia niliufunza kwa simu. Nilipakua video kwa bando la usiku, nikazitazama kwa nusu ya kasi. Kwenye rasgueado, yaani kuzichapa nyuzi kwa vidole, vidole hufunguka kimoja baada ya kingine, kuanzia kile kidogo hadi cha shahada. Misuli ya kufungua vidole ni dhaifu kuliko ya kuvikunja, kwa hiyo haraka haisaidii kitu. Nilijirekodi, nikalinganisha. Na kwa yale ambayo jicho langu haliyaoni, tulichangishana na vijana wenzangu tukamlipa mwalimu aliyeko Hispania, atukague mikono kwa simu ya video.

Vifaa havikuwa kikwazo kikubwa. Gitaa kavu la nyuzi za nailoni linatosha. Usilifunge nyaya za chuma, maana zinavuta kwa nguvu zaidi na zinaweza kung'oa daraja lake. Penseli na mipira ya kufungia noti hubana shingo ya gitaa pale unapotaka kupandisha sauti. Kipande cha plastiki kilichobandikwa chini ya tundu hulinda ubao usichubuliwe na kucha unapougonga.

Leo napiga soleá kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwaya yetu imepata makofi ambayo haikuwa nayo. Mimi niliyekuwa naulizia mwalimu, sasa vijana wa Bigwa wananiulizia mimi. Nawaambia wazi kwamba mimi si gwiji, ila nilichonacho nawapa.

Nawe uliyeko mbali na walimu, usisubiri aliyekamilika. Anza na mpiga ngoma aliye karibu nawe, mpe heshima yake, kisha ushike gitaa.