Mikono ya Koko Bado Inakumbuka

Vijana wenzetu, pamoja na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo tunaongea juu ya wazee wanaosahau. Hapa Nakivale tuko nao wengi kuliko tunavyofikiri. Ni yule koko anayetoka usiku eti anaenda shambani, na shamba lenyewe liko Fizi. Ni yule papa anayeuliza mara kumi kama mke wake amerudi sokoni, na mke alishafariki zamani. Majirani wanasema amerogwa. Wengine wanasema vibaya zaidi: mchawi ni yeye mwenyewe, ndiyo maana anatembea usiku. Neno hilo hatulichukui kama mchezo. Huko tulikotoka kuna wazee waliopigwa na hata kuuawa juu ya neno hilo.

Ugonjwa huu unaitwa dimensia. Ni ugonjwa wa ubongo na hauambukizi. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nao, na wengi wao wako kwenye nchi maskini na za kipato cha kati. Jirani zetu Tanzania, katika wilaya ya Hai, watafiti walipima wazee wa miaka 70 kwenda juu wakakuta karibu 6 kati ya 100 wanao. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, mpelekeni kwenye kituo cha afya haraka. Inaweza kuwa malaria au ugonjwa mwingine unaotibika.

Sasa, kama dawa hakuna, tufanye nini? Ndugu zetu waliopelekwa Marekani wanatueleza kwamba kule kuna vituo vya mchana. Asubuhi basi dogo linamchukua mzee, jioni linamrudisha nyumbani. Ndani ya kituo kuna mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Huyu anaangalia mzee alikuwa anafanya kazi gani maishani, na nini bado anaweza, halafu anaipunguza kazi ile mpaka imtoshe. Kule Hai nako walijaribu vikundi vya wazee, mara mbili kwa wiki kwa wiki 7, na walioshiriki walionekana kupata nafuu.

Sisi hatuna basi. Tuko na hema la maombi ambalo siku ya Jumanne na Alhamisi halina ibada, viti vya plastiki, na mafunzo ya siku mbili tuliyopewa na mtaalamu mmoja kutoka Mbarara. Alitufundisha jambo ambalo tumeliona kwa macho yetu: mambo ya jana ndiyo yanatangulia kupotea, lakini mazoea ya mikono yanakawia. Mtu anaweza kusahau jina la mtoto wake na bado akajua kutwanga sombe.

Kwa hiyo tunaleta kazi za nyumbani. Kuna kinu na mchi, kuna lungo, kuna maharagi ya kuchagua. Hatusemi, "Koko, chagua maharagi, uoshe, uweke kwenye sufuria." Hayo ni maneno matatu kwa mara moja, yatamchanganya. Tunaweka sahani moja mbele yake, tunakaa pembeni, tunaanza kuchagua sisi wenyewe, na yeye anafuata. Maharagi yale yale ndiyo tunayopika saa sita. Hatumpi mzee kazi ya uongo, kwa sababu anajua.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye wiki tatu nzima hakusema neno. Siku tuliyompa lungo alipepeta kidogo, akasimama, akatuangalia sote. Akasema, "Nyinyi watoto, nani aliwafundisha kupepeta hivi?" Tulicheka mpaka machozi. Toka siku hiyo ndiye mwalimu wetu. Na papa mmoja aliyekuwa mvuvi wa Tanganyika, tulimwombea kipande cha nyavu kuukuu kwa wavuvi wa hapa ziwani. Anashona saa nzima bila kuuliza mke wake yuko wapi.

Lakini faida kubwa iko nyumbani. Yule mama analindwa na mjukuu wake wa miaka 13, maana wakubwa wanatoka kwenda kutafuta vibarua. Mtoto alikuwa haendi shule kabisa. Sasa anaenda siku mbili, Jumanne na Alhamisi. Siku tatu zilizobaki anakaa mlangoni ili koko asipotee. Hesabu hiyo ndiyo inayotunyima usingizi.

Nyinyi wa mashirika, tunawaomba msiandike kazi hii kwenye mstari wa burudani. Ni matibabu, na ni masomo ya mtoto. Tukipata sufuria kubwa, maharagi ya kutosha na posho kidogo ya wanaojitolea, tunaweza kufungua siku tano. Tena, mzee akichanganya miaka mbele ya karani wa mahojiano, tafadhali asiandikwe kwamba anadanganya. Mwiteni anayemtunza akae naye.

Na nyinyi vijana, ukimkuta koko wa jirani, usimuulize, "Unanikumbuka?" Unamtia aibu bure. Mwambie jina lako, mwambie wewe ni mtoto wa nani, halafu tafuta mchi wa pili mtwange pamoja. Na mtu akianza kusema mambo ya uchawi, mwambie palepale ni ugonjwa, useme kwa sauti wote wasikie.