Barua kutoka ughaibuni: Asiyesimulia husimuliwa

Wazee wangu, mama zangu na vijana wenzangu wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Isingiro hadi Murongo,

Najua barua hii inawakuta kwenye mavuno, kahawa imeanikwa uani na kila mtu anayatazama mawingu kwa wasiwasi. Hata hivyo naomba mnisikilize, kwa kuwa jambo ninalotaka kuwaeleza linatuhusu sana.

Huku Marekani, mwandishi akitoa kitabu hakai nyumbani kungoja kinunuliwe. Hufunga safari, mji kwa mji, akienda kuzungumza na wasomaji. Maktaba au duka la vitabu hupanga viti, na meza yenye nakala huwekwa mlangoni. Mwandishi husoma kurasa chache, huulizwa maswali, kisha watu hupanga foleni atie saini. Nimesimama kwenye foleni hizo mara nyingi. Kuna wanaoshika kitabu kipya, na kuna wanaokuja na nakala iliyochakaa, imejaa vipande vya karatasi kwenye kurasa walizozipenda.

Kwa waandishi wengi safari hizo ni za kuuza kitabu. Kwa mwandishi wa Kipalestina ni kutoa ushahidi, tena mbele ya watu ambao baadhi yao wamekuja wakiwa hawamwamini.

Mmoja wa waandishi hao wa Kipalestina ni Mosab Abu Toha. Alizaliwa mwaka 1992 katika kambi ya wakimbizi ya al-Shati, Gaza. Babu na bibi yake walitoka Yaffa, wakawa miongoni mwa Wapalestina zaidi ya 700,000 waliopoteza makazi yao mwaka 1948. Akiwa kijana alifungua maktaba ya umma Gaza, akaipa jina la Edward Said, yule msomi wa Kipalestina aliyeandika mwaka 1984 kwamba watu wake wamenyimwa hata ruhusa ya kujisimulia. Oktoba 2023, vita vya Israel na Hamas vilipoanza, nyumba yao ya Beit Lahia ilipigwa bomu. Novemba mwaka huohuo, akiwa njiani na mkewe na watoto wakielekea kusini, wanajeshi wa Israel walimkamata. Aliachiwa baada ya siku chache, wakati waandishi na wahariri wa nchi za nje wakipaza sauti.

Mwaka 2024 alitoa kitabu cha mashairi, Forest of Noise, akazunguka nacho Marekani akisoma. Mwaka uliofuata baadhi ya vikundi vilishinikiza afukuzwe nchini, naye akafuta mikutano ya vyuo vikuu kwa kuhofia usalama wake. Mwezi Mei 2025 insha zake kuhusu Gaza zikapata Tuzo ya Pulitzer. Nchi ileile iliyompa tuzo ndiyo aliyoogopa kusimama katika kumbi zake. Hilo limeniuma, na limenionyesha jinsi neno la mtu anayejisimulia lilivyo na nguvu.

Nasema haya bila kuwasahau marehemu wetu. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo, Clemence Mtenga na Joshua Mollel, waliuawa katika shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023. Nao wana mama zao. Wapalestina waliokufa Gaza tangu siku hiyo, kwa hesabu ya Wizara ya Afya ya huko, ni zaidi ya 60,000, na kila mmoja alikuwa na jina na mtu wa kumlilia. Shahidi mwaminifu hapunguzi msiba wa mwingine ili wa kwake uonekane mkubwa.

Sasa nije nyumbani. Dunia iliijua Karagwe kwa kalamu ya nani? Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, kule Bweranyange. Alipokewa kwa heshima, akalishwa, akapewa nafasi ya kupumzika pamoja na mwenzake Grant, ambaye baadaye aliugua mguu akabaki palepale akiuguzwa. Mwaka 1863 Speke alichapisha kitabu chake. Humo anaeleza jinsi alivyompima shemeji yake Omukama, mama mnene aliyekuwa akilishwa maziwa: mkono, kifua, paja. Vipimo vya mama yule vimo kitabuni mpaka leo. Jina lake halimo.

Ndugu zangu, hivyo ndivyo unavyosimuliwa na mgeni, hata mgeni uliyemkirimu. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja mpaka Israel Katoke akaandika historia ya ufalme wa Karagwe kama mtu wa nyumbani, kikatoka kitabu mwaka 1975. Kitabu kimoja hakitoshi kwa wilaya zetu mbili, Karagwe na Kyerwa, zenye mambo mazito kiasi hiki.

Nani ameandika mliyoyaona mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda? Mto Kagera ulipita mpakani mwetu ukiwa umebeba maiti kutoka Rwanda, ukazifikisha hadi Ziwa Victoria. Wakimbizi walijaa Karagwe, wakala ndizi za mashamba yetu, wakakata miti yetu, wakazika watoto wao katika ardhi yetu, hadi Serikali ilipowarudisha kwao Desemba 1996. Ripoti za mashirika ziko kwenye makabati ya Geneva. Ushuhuda wa mama wa Kyerwa aliyeacha kuchota maji mtoni hauko popote, isipokuwa kichwani mwake.

Kwa hiyo nawaomba, hasa walimu na vijana mliomaliza sekondari. Simu mlizonazo zinarekodi sauti. Kaeni na wazee, wasimulie kwa Kinyambo au Kiswahili, lugha yoyote inayowatoka vizuri. Andikeni jina la msimulizi kama ameridhia, kijiji chake na mwaka wa tukio. Mkimaliza, msomeeni mwenyewe asahihishe. Wekeni nakala shuleni, nyingine parokiani au usharikani, na ziombeeni nafasi Redio Fadeco hapo Kayanga. Kitabu kitakuja baadaye, na mwandishi wake atafunga safari kutoka Kayanga hadi Murongo akiwasomea wenye hadithi yao.

Ila msingoje mavuno yaishe. Aliyekuwa na miaka 20 vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978 sasa anakaribia 70. Anzeni na huyo, wiki hii.

Wenu katika kuwakumbuka,
Ndugu yenu wa ughaibuni